Siku Injini Yangu Ndogo Ilipoita Watu Kusaga

Aibu nyingine huwezi kuificha hata ukitaka, maana mashahidi wake ni bonde zima, kwa hiyo acheni niisimulie mwenyewe kabla hamjaisikia kwa mtu wa kwetu Kibakwe akaongeza chumvi. Ni mimi niliyewashusha watu milimani siku ya Jumapili, wamejitwika mahindi, waje kusaga kwenye injini inayoenea ndani ya beseni la kuogeshea mtoto.

Nianze na huo ugonjwa wangu. Nilisomea uhandisi, sasa niko ofisini Mtumba, kwenye mji wa Serikali, ambako chombo pekee ninachotengeneza kwa mikono ni printa ikitafuna karatasi, na ili nisirukwe na akili, Jumamosi zangu zinaishia karakana ya rafiki mjini Dodoma nikiunda injini ndogo kwa mfano wa zile mashine za zamani zilizofungwa chini kwenye zege, za silinda moja na magurudumu mazito pembeni, za kusagia na kuvutia maji. Siyo mapambo. Nakereza pistoni, nachonga vali, naweka kitangi cha petroli kama kiberiti, ukizungusha gurudumu inawaka kweli. (Msiniulize faida yake. Mama ameuliza, mchumba aliyepita aliuliza, wote niliwajibu kwa swali: na bustani ya maua je?)

Hii ninayoisema niliiunda kwa kuiga mashine ya baba mkubwa, iliyosaga unga wa kijiji chetu tangu sijazaliwa. Ile kubwa ilikuwa imezima tangu mvua zilipoanza: vali ya kutolea moshi iliungua ikamegeka, na madukani hakuna vali kama ile kwa sababu injini zenyewe hazitengenezwi tena. Baba mkubwa akakata tamaa, akakubaliana na mnunuzi wa chuma chakavu aje Jumatatu na lori. Nikampigia simu kumzuia.

"Mwanangu," akasema, "watu wameshauzoea ukimya wake. Wanakwenda kwenye ya umeme kule barabarani. Hii nani anaikumbuka?"

"Umemuuliza nani, baba mkubwa?"

"Wewe maswali yako hayasagi mahindi."

Basi nikaamua kumjibu kwa vitendo. Jumapili ile ilikuwa ya mavuno, siku ambayo kila muumini huleta kanisani alichokipata kwa kazi ya mikono yake, kikanadiwa uwanjani baada ya ibada, na mimi kwa kuwa sijalima hata mchicha ningepeleka injini yangu, niiwashe mbele ya baba mkubwa, imwingie moyoni, Jumatatu lori lirudi tupu. Mpango safi kabisa.

Sasa sikilizeni kosa lilipoingia. Kwa ambao hamkukulia karibu na mashine: mwenye mashine huvisha kopo juu ya bomba la moshi, ili kila mlipuko utoke na mlio, tuku, tuku, tuku, ufike mbali, na watu wa mlimani wakiusikia wanajua leo kunasagwa, wanajitwika. Ni tangazo. Na kila mashine ina sauti yake, kama mtu. Wenzangu wanaounda injini ndogo husema kila kitu lazima kipungue kwa kipimo kilekile, kopo nalo lipungue, ambapo mlio unakuwa wa kifaranga. Nikajiuliza, nani kasema? Nikachukua kopo zima la maziwa ya unga, nikalitoboa na kulikunja huku nasikiliza mlio wa mashine ya baba mkubwa niliokuwa nimeurekodi kwenye simu, mpaka sauti mbili zikawa mapacha. Nilijisifu. Peke yangu, lakini sana.

Mnadishaji alikuwa Katekista Amosi, mtu anayeweza kunadi kitunguu kwa hotuba ya robo saa. "Haya, Injinia wetu kaleta nini? Cherehani?" Watu wakacheka. Nikaiweka mezani kati ya maboga na jogoo aliyefungwa miguu, nikazungusha gurudumu, ikakohoa, nikazungusha tena, ikakohoa, jogoo akanitazama kwa dharau, halafu ikakubali. Tuku. Tuku. Tuku.

"Wa nyuma hatusikii!" mtu akapaza sauti.

Katekista akaisogeza maiki mdomoni mwa kopo. Na maiki ile imeunganishwa na spika za honi zilizofungwa juu ya mnara wa kengele, zinatazama milima. Nilikuwa naziona. Nikatabasamu.

Baba mkubwa akavua kofia, nikasema moyoni, tayari, imemwingia. Nikaona akina mama wa nyuma wanainuka mmojammoja wanaondoka, nikadhani wamechoka na mnada, nikaiacha injini iendelee kuunguruma ili niwarudishe. Na kweli walirudi! Kumbe kule nyuma meza hawakuiona, walisikia sauti tu, wakarudi na ndoo za mahindi vichwani. Nyuma yao kwenye njia ya mlimani kulikuwa na msururu wa watu ambao siku ile hata kanisani hawakuwepo, wenye viroba, wenye punda, na Mzee Jumanne, swala tano, akisukuma baiskeli yenye gunia kuingia uwanja wa kanisa bila wasiwasi wowote. Walipita kwanza kwenye mashine, wakakuta kufuli, wakaifuata sauti.

Mbele kabisa alikuwa Bibi Matika, jirani yetu wa kule juu. Akatua kiroba chake cha uwele, akachungulia chini ya meza, akazunguka nyuma yake.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Mashine iko wapi?"

"Ni... ni hii hapa."

Akainama mpaka pua ikakaribia tangi. "Hii inasaga nini, pilipili?"

"Haisagi, bibi. Ni mfano tu."

"Mjukuu wangu, nimeacha maji jikoni yanachemka. Nikayasongee mfano?"

Uwanja mzima ulilipuka. "Injinia, anza na Mzee Jumanne, katoka mbali!" "Punda wangu naye aje achungulie!" Nikakurupuka kuizima, badala ya kufunga petroli nikashika kopo, na kopo lilikuwa la moto kweli kweli, nikatamka neno ambalo halitamkwi kwenye uwanja wa kanisa, na lile neno likapanda mnarani likaenda milimani likarudi na mwangwi wake. Katekista akaifunga petroli yeye, huku akicheka.

Sikuwa na mahali pa kuangalia. Watu wamepanda na kushuka na mizigo kwa ajili ya majivuno yangu, na sasa itawabidi waipeleke mpaka barabarani. Baba mkubwa akanisogelea, nikamwambia kwa sauti ya chini kabisa, machozi yakinilenga: "Nisamehe, baba mkubwa. Usimuuzie yule wa chuma chakavu. Vali nitaikereza mwenyewe, Jumamosi nakuja nayo, nisipoweza ndipo uuze."

Sauti ya chini, nilidhani. Nilijisikia nikisema yote yale mara mbili, mara moja kwa mdomo wangu na mara ya pili kutoka mnarani. Maiki ilikuwa palepale mezani.

"Tumesikia!" mtu akajibu kutoka mlimani.

Katekista akakamata nafasi. "Injinia ametoa Jumamosi! Nani anaongeza? Moja! Mbili!" Akagonga meza. "Imekwenda!"

Baba mkubwa hakucheka. Alikuwa anautazama ule msururu wa ndoo. "Bibi Matika," akauliza, "kumbe bado mnaisikilizia?"

"Sasa tufanyeje? Ile ya barabarani haisemi. Unafika, umeme umekatika, unarudi na mzigo wako. Yako ikiita, mtu unajua unakwenda kusaga."

Baba mkubwa akavaa kofia yake. "Huyo wa lori nitampigia," akasema, na mimi nikaanza kupakia viroba kwenye gari la kanisa kuvipeleka barabarani, vidole vinaniwaka, kila ninayembebea ananipigia "tuku, tuku" sikioni, na hakuna hata mmoja aliyenitukana. Wangeweza. Bibi Matika alinipaka asali kwenye vidole na kuniambia niache kulia, vali haitengenezwi kwa machozi.

Nilitafuta vali chakavu ya lori, nikaikereza mpaka ikapungua, ya kwanza nikaiharibu, ya pili Jumamosi ile ikaingia, na mashine inasaga mpaka leo. Ningekaa na baba mkubwa nikabishana naye mwaka mzima kwa hoja zangu za chuo, asingenisikia. Waliomwambia ni watu walioacha maji jikoni, wakacheka badala ya kunilaani, na nitawashukuru mpaka naingia kaburini. Ila nimekula kiapo: sitawasha tena kitu chenye sauti ya kuita watu kama sina cha kuwapa wakifika.