Hasira za Atupele

Siku yangu ya kwanza kazini, wodi ya watoto mkoani Iringa, Metroni, mkuu wa wauguzi, aliniita kando. "Binti," aliniambia, "mtoto hajui kueleza anaumwa wapi. Atauma, atanuna, atapiga kelele. Usimwite mtukutu kabla hajachunguzwa." Baadaye nilihamishiwa Chimala, kisha kliniki ya watoto Mbeya, nikauguza huko mpaka nikastaafu.

Ni Mbeya nilikompokea Atupele, binti wa darasa la kwanza kutoka mtaa wa Soweto. Alikuwa amekonda, tumbo limejaa. Lakini si tumbo lililomleta mama yake, muuza maandazi.

"Sista, mwanangu amebadilika. Analia ovyo, anamng'ata mdogo wake, hataki kuguswa. Shuleni wamemchoka. Shangazi yake anasema ni mapepo, anataka kumpeleka kwa mganga huko Rujewa."

Daktari wetu wa watoto alimpima, akauliza anakula nini. Maandazi asubuhi, chapati jioni. Alihisi siliaki: mwenye ugonjwa huo akila gluteni, protini iliyomo kwenye ngano, mwili wake huushambulia utumbo wake wenyewe. Chakula hakimjengi, na kwa watoto wengine dalili huonekana hata kwenye tabia: hasira, huzuni, woga.

"Aendelee kula ngano mpaka vipimo viishe," Daktari alisema. "Akiacha sasa, majibu yanaweza kutudanganya."

Mama alinigeukia. "Yaani niendelee kumpa kinachomuumiza?"

"Kwa muda tu, mama," nilimjibu.

Majibu yalichelewa. Jioni moja nilipita kwao nikamkuta Atupele amejikunyata chini ya meza. Shangazi alikuwa mlangoni na begi la nguo za mtoto.

"Dada, tusubiri majibu," nilimsihi.

"Na akifa mkiwa mnasubiri?"

Swali hilo hilo nilikuwa nalo mimi. Mama ndiye aliyelichukua begi mkononi mwa wifi yake. "Wifi, mtoto haendi."

Vipimo vilithibitisha siliaki. Unga wa ngano ukaondoka nyumbani kabisa. Mama akaanza kukaanga vitumbua vya mchele. Tulimwangalia mtoto kwa wasiwasi, wiki baada ya wiki. Tumbo lilikuwa bado halijapungua mama alipokuja kliniki akilia. "Sista, leo kamfunga mdogo wake viatu. Hakuna aliyemtuma!"

Sasa nimestaafu, na Atupele yuko sekondari ya bweni Iringa. Juzi mama yake alinipigia. "Sista, amenipigia analia, kisha akakata. Itakuwa amekula ngano!"

Hofu ya zamani ikanirudia. Lakini nikamfikiria yule binti, ambaye kila akinuna watu wazima tunakimbilia kuuliza kalishwa nini.

"Mpigie tena," nilisema. "Ya chakula utauliza baadaye. Kwanza mwulize nani kamuudhi."

Kisha nikakaa na simu mapajani, nikisubiri.