Soda Iliyofunguliwa Jikoni

Mimi ni mwoga, na mwoga mwenye mdomo kama wangu ni hatari kwa watu. Miaka hiyo ya tisini nilikuwa nikiishi mtaa wa Gatwekera na mume wangu, na nilichoogopa kuliko kifo ni upofu. Jicho langu la kushoto lilikuwa na presha. Daktari alinipa matone na vidonge, kimoja asubuhi, kimoja jioni. Alisema vinapunguza maji, ya jicho na ya mwili, hata wanaovimba miguu hupewa. Nesi wa dirisha la dawa akaniongezea maelezo marefu. Nikaitikia ndiyo, ndiyo, na kumbe kichwani najiona nikipapasa ukuta. Sikusikia hata nusu.

Jumapili iliyofuata tukaenda Kawangware kwa wifi yangu, dada ya mume wangu. Hatukuwa tunapatana. Alishawahi kuniambia usoni kwamba nimemkausha kaka yake. Lakini siku hiyo alinikaribisha vizuri.

"Wifi, soda baridi ama moto?"

Nikasema moto, isiyotoka kwenye friji. Sasa, soda ya mgeni hufunguliwa mbele ya macho yake, hilo kila mtu anajua. Yangu ilitoka jikoni ikiwa imeshafunguliwa.

Nikapiga funda moja. Mungu wangu! Ilikuwa kama nimelamba bati. Mume wangu alikuwa anakunywa yake na kucheka. Nikaweka chupa chini. Kabla hatujafika nyumbani vidole vikaanza kunichoma kama sindano, kisha midomo ikafa ganzi. Basi nikajua nimewekewa kitu.

Jirani yangu wa mlango wa pili akanikimbizia maziwa nitapike. Akaniambia pia niache dawa za hospitali, zisije zikakutana na sumu tumboni zikanimaliza. Nikaziacha zote, vidonge na matone. Baada ya siku mbili vidole vikatulia, ladha ikarudi, na hapo ndipo nilipozidi kuamini. Nilikuwa naogopa hata chai niliyopika mwenyewe. Na hofu yangu haikai kimya. Kila aliyekuja kuchota maji bombani kwetu nilimwambia wifi yangu ni mchawi, ametaka kuniua. Maneno hayo yakafika Kawangware.

Siku ya tano, asubuhi, wifi akaja kuniuliza kwa nini namchafulia jina. Alinikuta sakafuni nimeshika jicho, natapika kwa maumivu. Akainama kunishika mkono.

"Usiniguse!"

"Utanitukana tukifika hospitali. Simama."

 Njia nzima sikujua niogope nini zaidi, lile jicho au ule mkono ulionishika.

Hospitalini walinipa dawa ya haraka. Maumivu yalipopungua, daktari akaniuliza kama nilikuwa nikimeza vidonge, na kwa nini niliviacha. Nikajibu kwa sauti ya chini: vidole viliwaka, soda ikawa mbaya.

"Ilikuwa kama chuma?"

"Ndiyo."

"Ni hivyo vidonge, mama. Vinaharibu ladha ya soda, vinatia vidole ganzi. Hiyo si sumu. Ukitokwa na upele au ukishindwa kupumua, hapo kimbia hapa mara moja. Lakini hata kikikusumbua kitu kidogo, njoo utuulize. Usiache dawa peke yako nyumbani."

Kumbe! Nilitamani ardhi inimeze. Akafunika jicho langu la kulia, akaniambia nitazame pua yake, akapeleka kidole chake taratibu upande wangu wa kushoto.

"Unakiona?"

Sikuona kitu. Akarudia, na bado sikuona. Akasema dawa italinda kilichobaki, nikiimeza kila siku, lakini kilichoenda upande huo hakirudi.

Wifi alikuwa ameketi hapo hapo kushoto kwangu, amesikia kila neno. Nilitaka kumwomba msamaha. Ilibidi nigeuze kichwa chote ndipo nimwone, na nilipomwona alikuwa analia.