Baba na Resini Yake Kule Kabiro

Sisi tuliokulia Kawangware miaka ya tisini tulijitengenezea michezo wenyewe: magari ya waya, mipira ya makaratasi, chapati za matope. Lakini ploti yetu ya nyumba za kupanga kule Kabiro, humo humo Kawangware, ilikuwa na kitu ambacho wengine hawakuwa nacho. Baba alikuwa fundi wa kuziba bodi za magari, na alirudi nyumbani na mabaki ya resini, ile gundi nzito ya plastiki, rangi ya asali, ambayo ukiitia dawa yake inageuka jiwe.

Mara ya kwanza alipojaribu kutengeneza kitu nayo, Baba alizidisha dawa. Mkebe ulichemka bila moto, ukafuka moshi, ukapasuka. Mara ya pili alitia kidogo mno, resini ikabaki kunata wiki nzima, hadi kuku wa jirani akaiachia manyoya yake.

"Kwani unatengeneza nini?" Mama aliuliza. "Ng'ombe ama mtu?"

"Si kitu, Mama Nekesa," Baba alijibu, akimwita kwa jina langu. "Ni umbo tu."

"Yaani tunavuta harufu hii yote juu ya kitu ambacho si kitu?"

Landilodi, mwenye nyumba, naye akaja. "Moshi tena, mtahama."

Mama alimruhusu Baba mara moja tu, ya mwisho. Jumapili, baada ya kanisa, mimi na dadangu Naliaka tulichimba shimo kwenye udongo mbichi nyuma ya nyumba, tukalipa umbo tulilotaka. Baba alidondosha dawa kwenye resini, mimi nikihesabu matone kwa sauti. Akaimimina shimoni. Haikufuka.

Jioni tulilichimbua umbo letu, tukaliosha. Baba alilisugua kwa msasa na maji siku nyingi, mpaka siku moja akalishika mlangoni, na jua likapenya ndani yake, likamwagika ukutani. Halikufanana na chochote. Mama alilipokea. Kisha akaondoa redio juu ya stuli, akanyoosha kitambaa alichokishona mwenyewe, akaliweka hapo.

Siku hizi wanangu wakiona kitu kizuri wanakipiga picha kwanza, kukiangalia ni baadaye, kama bando ya intaneti bado iko. Mimi nawacheka tu.

Baba sasa ni mzee, mikono inamtetemeka. Juzi nilimuuliza kama nimletee resini.

"Leta," akasema, macho yakimng'aa. "Lakini sasa wewe ndio utamimina. Mimi nitahesabu."