Jina Lililopita Kama Radi

Nakumbuka siku moja nilikaa kwenye benchi la ukumbi wa kanisa kule Kombewa, mwili ukakataa kutulia. Natazama pazia la kuonyeshea filamu, natazama mlango, natazama pazia tena. Usicheke, mwanangu. Nilikuwa namngoja mama yangu.

Nilikuwa nimeacha chuo cha ualimu nikaenda Kisumu kushona mavazi ya filamu, sisi vijana watupu, hadithi ya shujaa anayetembea chini ya ziwa. Tangu hapo mama hakusema nami. Nilimtumia neno moja tu: njoo uone jina la marehemu baba likiandikwa pamoja na langu.

Akaja. Akaketi kando yangu bila salamu. Taa zikazimwa, ngumi ikapasua maji, cheche zikaruka, majina yetu kwa herufi za chuma yakazunguka kama pia. Vijana wakapiga mbinja. Lakini mama alijifunza kusoma ukubwani, silabi kwa silabi. Midomo yake ikaanza, "A... dhi..."

"Limeenda wapi?" akaniuliza.

"Limeshapita, Mama."

Akainuka, akamwendea Okoth, mwenzetu aliyetengeneza majina yale kwa kompyuta.

"Kijana wangu, nani humkaribisha mgeni kwa kummulika tochi machoni?"

"Mama, filamu za mashujaa ndivyo zinavyoanza!"

"Za nani?"

Mama akajifunga leso, akaondoka. Filamu yenyewe sikuiona; macho yalikuwa pale, moyo uko barabarani.

Asubuhi nilimfuata Okoth, nikamwambia afungue ule mwanzo, tuutazame kidogo kidogo, tukisimamisha. Aligoma, kisha akafungua. Ngumi ilikuwa na nguvu, lakini ya nani? Uso haukuonekana. Herufi za chuma, na shujaa wetu alivaa kitambaa nilichokishona mwenyewe, hana chuma hata kidogo. Cheche zililificha jina, na ngoma ilidunda kabla jina halijatua, jicho likakimbilia kwingine. Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti.

"Nilitaka watu wafikiri imetoka ng'ambo," Okoth akasema.

Tukaanza upya. Maji ya kijani ya ziwa letu, yametulia. Uzi mwekundu unapanda kutoka chini, unaandika jina, unangoja. Okoth alisoma kila jina kwa sauti, silabi kwa silabi, ndipo akaliachia lipotee.

Tulipoonyesha tena Bondo, mimi mwenyewe nilikwenda kumchukua mama. Alikataa, akakataa, mwishowe akapanda gari. Uzi ulipoandika, alisoma kwa sauti ukumbi mzima ukageuka: "A-dhi-a-mbo... O-du-or!" Wengine walicheka. Hakuwajali. Alishika mkono wangu, akapapasa vidole vilivyochomwa na sindano.

"Na cherehani ni yako?"

"Ya kuazima, Mama."

Hakunisamehe siku ile. Alinisamehe polepole, kama alivyosoma.

Mwanangu, unayechambua filamu hizi leo kwenye simu, usiishie kusema imependeza. Uliza rangi hii inatoka wapi, herufi hizi ni za hadithi gani, na nani ameachwa nje. Jina jema hung'aa gizani, lakini lipe muda ling'ae. Na unapotengeneza chako, mfikirie anayesoma taratibu. Huenda ndiye aliyesafiri mbali zaidi kuja kukuona.

Mimi hata leo majina yakianza kupita siwezi kukaa, nasimama. Basi nenda. Nyasaye, Mungu wetu, akupe mkono mwepesi na jicho lenye subira, na jina lako lisikose wa kulisoma.