Msimu Tulioshinda Kila Mechi Nikaitwa Mnoko

Mechi ilikuwa imeisha. Tumeshinda. Nje kadeti wanaimba mpaka sauti zinakauka.

Kwenye chumba cha kubadilishia nguo, nahodha wetu Royce Tidwell akanivuta pembeni. Jasho linamchuruzika. Akaninong'oneza:

"Nolan, hivi mechi inaanza saa ngapi?"

Nikacheka. Nilidhani ananitania.

Hakuwa ananitania.

Naitwa Nolan Pruitt. Nilisoma chuo cha kijeshi miaka ile vita vya Iraki vimepamba moto. Mpira wetu si wa miguu, ni ule wa kubeba mikononi, wa kofia ngumu, watu mnagongana kama malori. Kazi yangu ilikuwa kuinama, kumpa Royce mpira kwa nyuma kupitia katikati ya miguu yangu, halafu kuzuia yeyote asimfikie. Yeye ndiye mchezeshaji. Mimi ndiye ukuta wake.

Siku ile jamaa mmoja aliupita ukuta. Akamgonga Royce kichwani, ule mlio niliusikia mimi. Royce akainuka, akajipangusa, akarusha pasi ya ushindi.

Na sasa hakumbuki hata kitu kimoja.

"Usimwambie mtu," akasema.

"Kaka, humkumbuki hata tuliyecheza naye!"

"Daktari akijua, kwisha habari yangu. Hakuna mpira, hakuna gwanda. Babu alivaa, baba alivaa. Mimi nirudi Alabama nikauze matrekta? Niapie, Nolan."

Nikaapa.

Ngoja niwaeleze kwa nini. Kabla ya mwaka ule tulikuwa kichekesho. Timu za watoto wa mjini zilitufunga huku zikitafuna ubani. Halafu ghafla tukaanza kushinda, na tukawa hatushikiki.

Na kwenye bwalo, mara kwa mara, tuliamrishwa kusimama. Jina linasomwa. Mhitimu mwingine kauawa vitani. Kimya. Tunakaa tena, tunakula nyama iliyopoa.

Mpira ndicho kitu pekee tulichokuwa tunashinda.

Siku chache baadaye Kocha Brandvold akatukusanya. Uso umemjaa mawingu.

"Tidwell hachezi tena. Daktari kamfungia. Kuna mtu kaenda kusema."

Macho yote yakanigeukia mimi. Nani mwingine? Mimi ndiye niliyelala naye chumba kimoja.

Royce alikuwa anatazama viatu vyake.

Nilimfuata. "Waambie sikusema!"

"Nitawaambiaje? Wewe peke yako ndiye uliyejua."

Jioni hiyo akahama chumba.

Jamani, nyie mnajua kutengwa? Naketi mezani, meza nzima inanyanyuka na sahani zake. Vandermeer, jitu letu la ulinzi, akanitemea mate kwenye viazi.

"Kula, mnoko. Au ukamwambie daktari?"

Kicheko.

Nilikana mpaka nikachoka. Mwisho nikauchuna.

Aliyechukua nafasi ya Royce ni Emmett Sokol, kijana wa Ohio, mwembamba, masikio makubwa, anacheka hata akiadhibiwa. Siku ya kwanza ya mazoezi akaja akasimama nyuma yangu.

"Oya Pruitt. Mimi sijali nani kasema nini. Nipe mpira, usiache waniue. Tumeelewana?"

"Tumeelewana."

"Basi inama, mzee, unanizibia jua."

Ndani ya wiki nzima, ndicho kicheko changu cha kwanza.

Tukaendelea kushinda. Tukawaburuza waliokuwa wametuburuza. Mechi ya mwisho ilikuwa na chuo cha wanamaji, mahasimu wetu wa damu, theluji inaanguka. Dakika za mwisho nikafungua njia kati ya majitu mawili, Emmett akapita humo na mpira wake mpaka mwisho wa uwanja.

Msimu mzima hatujapoteza hata mechi moja.

Wote wakarukiana. Mimi nikasimama pembeni nikifungua kofia yangu. Mpiga picha alipotupanga, Emmett akanikamata shati shingoni akanikokota mpaka katikati.

"Huyu anakaa hapa. Asiyetaka atoke kwenye picha."

Hakuna aliyetoka. Hakuna aliyenishika bega pia.

Royce alisimama nyuma yetu na koti lake refu la kijivu. Kabla hatujahitimu, jopo la madaktari likaamua hafai jeshini. Akapanda basi kurudi kwao bila kuniaga.

Sisi tukaenda vitani.

Emmett hakumaliza hata mwaka. Bomu la kando ya barabara. Mimi nilikuwa mji mwingine. Nikaambiwa na sajenti wangu nikiwa nanyoa ndevu. Nikamaliza kunyoa upande uliobaki. Sijui kwa nini.

Walimzika kwenye makaburi ya chuo. Wanatimu waliokuwa nchini walikuja, nami nilikuwa likizo. Royce pia alikuja, amenenepa, suti inambana. Bado hakuna aliyesimama karibu yangu.

Baada ya mizinga ya heshima, baba yake Emmett akanijia. Fundi wa kuchomelea vyuma, viganja vigumu kama tofali.

"Wewe ndiye Pruitt?"

"Ndiyo, mzee."

"Emmett aliniambia ni wewe uliyesema habari za yule nahodha. Alisema ulifanya jambo gumu." Akanishika mkono. "Nimekuja kukushukuru, mwanangu. Bila wewe asingecheza. Sijawahi kumwona na furaha kama ya msimu ule."

Nimkatalie baba aliyetoka kuzika sasa hivi?

Ndipo nikasikia sauti nyuma yangu.

"Si yeye, mzee."

Royce.

"Nilienda mwenyewe kwa daktari. Niliamka asubuhi nikajaribu kukumbuka jina la mama yangu, likagoma. Nikaogopa. Nikamwomba daktari asinitaje." Akanitazama. "Wote walipomtazama Nolan, nikajisikia nafuu. Nikanyamaza."

Vandermeer akavua kofia yake, akaikunja, akaikunjua.

Nilidhani mzee Sokol atampiga. Natamani angempiga.

Alimnyooshea mkono.

"Basi wa kushukuriwa ni wewe."

Royce aliutazama ule mkono. Akakaa palepale kwenye majani, akalia kama mtoto, na hakuupokea.

Wenzangu wakaja mmoja mmoja. "Tusamehe, kaka." "Tulikosea." Nikawapa mikono. Sikuhisi chochote.

Kwenye maegesho Royce akanifuata.

"Nisingeenda kwa daktari, Nolan... ungesema wewe?"

"Sijui," nikamjibu. Na huo ndio ukweli.

Msomaji, Royce kuogopa sikumlaumu. Ule woga ndio uliomwacha hai. Ila alichukua woga wake akanivisha mimi, nikatembea nao miaka, na yule mmoja aliyenisimamia akaingia kaburini akiamini nilikuwa jasiri kwa jambo ambalo sikulifanya.

Siku ukiogopa, ogopa kwa jina lako mwenyewe.