Diploma Juu ya Televisheni ya Baba Mukubwa

Mpaka leo nikisikia harufu ya poda ya watoto wachanga, naziba pua. Siku nilipotangazwa kwamba nimemaliza masomo ya biashara, Baba Mukubwa, kaka wa marehemu baba yangu, alinimwagia kopo zima kichwani, vile tunavyomfanyia kila mtu anayepata diploma hapa Lubumbashi. Iliniingia machoni, ikaniingia puani, nikakohoa. Yeye alikuwa anapiga kelele mbele ya lango la chuo: "Huyu nilimusomesha miye! Mwandi, kweli kabisa, hii ni franga yangu, pesa yangu!" Mama yangu alisimama nyuma ya watu na kitenge kipya mkononi, na hakuna aliyempisha njia.

Nieleze vizuri, nisije nikaonekana sina shukrani. Miaka ya kwanza ya chuo ililipwa na samaki. Mama anauza samaki wakavu kutoka Kilwa ya huku kwetu, kando ya ziwa, katika soko la Kenya, mtaa wetu hapa mjini, na kila mara chuo kilipowafungia mlango wa mtihani wale wasiolipa, aliuza kwa hasara ili mimi niingie. Halafu msimu mmoja wa mvua barabara ikakatika, mzigo wake ukalala njiani mpaka ukaoza, na mtaji ukaishia hapo. Ndipo Baba Mukubwa, mwenye duka la sementi na mabati, akalipa miaka miwili ya mwisho. Alilipa, sikatai. Lakini siku ya kuchukua diploma alinisindikiza ofisini, na tulipotoka ilikuwa kwapani mwake. Aliitia katika fremu ya rangi ya dhahabu, akaitundika sebuleni kwake juu ya televisheni. Mimi nilipewa fotokopi.

Na kazi niliyopata baada ya masomo hayo yote? Ninahesabu makatoni ya sabuni katika depo moja mjini. Yanaingia, nahesabu. Yanatoka, nahesabu tena. Nikitoa nauli na unga wa nyumbani, kinachobaki naona haya kukitaja. Darasani profesa wetu alipenda kutuuliza: mtaji utarudi lini? Profesa huyohuyo alituuzia kitabu chake kwa lazima, asiyenunua hapiti, kwa hiyo wake ulirudi haraka sana. Wangu niliupigia hesabu mara nyingi nikiwa nimesimama kati ya makatoni, na kila mara niliacha katikati kwa uchungu.

Baba Mukubwa naye alikuwa anapiga hesabu zake. Aliona mshahara wangu hautamrudishia kitu, akatulia, akangoja mchumba. Mchumba akaja: fundi wa kuchomelea milango ya chuma, mtu mpole, wa hapo hapo Kenya. Wakubwa wake walipokuja kuuliza mahari, Baba Mukubwa alitaja mbuzi na vitu vya desturi, halafu akainua macho kuangalia fremu kama mwuza nyama anavyoangalia mizani.

"Huyu ni mutoto ya iniversite," alisema. "Haina bei moja na ule hakusomaka. Miaka mbili nililipaka ni miye. Ile franga irudie yote, mu bahasha, pembeni ya mali."

Alisema bila hata kukohoa. Nilikuwa nyuma ya pazia na sahani ya karanga, nikatamani kumtapikia miguuni.

Siku moja kabla ya kuleta mahari, nilipita kwenye karakana ya mchumba wangu. Aliniambia amepata pesa zote za bahasha. Nikamuuliza amezitoa wapi. Akaangalia chini. Amekopa kwa mama mmoja wa sokoni, yule ambaye ukichukua mia unarudisha mia na hamsini mwisho wa mwezi, na ukishindwa, inapanda tena.

"Tutalipa pole pole," alisema. "Na mushahara yako itatusaidia-ko."

Mushahara yangu! Yaani masomo yangu nitayalipa mimi mwenyewe, kupitia mfuko wa mume wangu, na nusu juu yake, kwa mama ambaye hakunifundisha hata a-e-i. Nilimwita mjinga. Hakukasirika, akasema tu Baba Mukubwa amekataa kupunguza. Jioni hiyo nilitia chumvi mara mbili katika sombe, mboga yetu ya majani ya muhogo, na mama akala bila kuniuliza kitu.

Kesho yake watu walijaa sebuleni kwa Baba Mukubwa. Mbuzi walifungwa nje, bahasha iliwekwa kwenye sinia, chini kabisa ya diploma yangu. Kwetu mambo hayaishi mpaka msichana aulizwe mbele ya watu wote. Wote wanajua jibu, yeye anatazama chini kwa haya, anasema mukamate, yaani pokeeni, wanawake wanapiga vigelegele.

"Mama," Baba Mukubwa aliniita kwa sauti tamu, "unaona bino bintu. Tukamate ao tusikamate?"

"Mbuzi mukamate," nilisema. "Bahasha muirudishe."

"Aka!" alisema shangazi mmoja.

"Haukusikia muzuri, mama," Baba Mukubwa aliniambia.

"Nilisikia. Huyu muntu namupenda, na nitaenda naye. Lakini ile franga alikopa, na wa kulipa ni miye. Kama iko deni, Baba, unidai miye. Nitakulipa kila mwezi, kidogo kidogo."

Akaruka kwenye kiti.

"Na nini? Na ile mushahara yako ya kuhesabia sabuni? Utanilipa mpaka nikufe! Ile karatasi haileti kitu!"

Wageni walewale aliowaambia mimi ni bei kubwa walimtazama yeye, halafu wakatazama fremu. Yeye alitazama mlango. Nilisikia aibu kwa niaba yake, na kinyaa ambacho sijakimaliza mpaka leo.

Mama yangu, ambaye hakuna aliyemuuliza kitu tangu asubuhi, alisimama. Alichukua bahasha kwenye sinia, akaiweka mkononi mwa shangazi wa mchumba wangu, akamfunga vidole juu yake.

"Miye nilimusomeshaka na samaki," alisema. "Simudai muntu."

Hapo ndipo vigelegele vilipoanza, kwanza vya upande wa bwana harusi, halafu vya wote. Baba Mukubwa alinyoosha kidole juu ya televisheni, akapiga kelele ili asikike.

"Basi diploma haitatoka mu nyumba yangu! Unasikia? Haitatoka!"

"Ibaki, Baba," nilisema. "Ku depo hakuna muntu aliniombaka hata fotokopi."