Albamu ya Kuagana

Kikundi chao kiliimba nyimbo za kale, za kubembelezea watoto na za kupalilia, ila kwa vyombo vilivyowafanya watu wacheke kwanza ndipo wanyamaze: msumeno uliosuguliwa kwa upinde, debe la maji na cherehani ya miguu. Cherehani ilikuwa ya Dada Mkubwa. Mchana aliishonea sare za shule; jioni aliifunga kipaza sauti chini ya meza na kukanyaga mapigo. Wenzake walimwita hivyo kwa kuwa kiongozi wao, mpiga msumeno, alikuwa mdogo wake wa tumbo moja, na yeye ndiye aliyemlea kijana huyo baada ya mama yao kufariki.

Ndiyo maana alishangaa kulisikia tangazo la kijana pamoja na wengine.

"Tunarekodi albamu moja ya kuagana, halafu basi," mdogo wake alisema. Hakuna aliyeshtuka ila Dada Mkubwa. Hata mpiga debe, mtu wa kubishana na kivuli chake, alitazama viatu vyake tu.

Hawa wanajua kitu, akajisemea.

Tangu hapo akakaa macho. Akiingia studio, maneno yanakatika. Fundi wa sauti anafunga mlango wa kioo. Mdogo wake, aliyezoea kumwita kila mara, "Dada, sikia hapa," sasa alimwuliza mpiga debe. Siku moja Dada Mkubwa alimsemesha kutoka nyuma, kijana akajiendea zake kama hajaitwa. Dada Mkubwa akarudi nyumbani, akashona mkono wa sare kinyume.

Mwisho akapata jibu: kijana amepata kikundi kingine, cha watu wa maana, na cherehani inamtia aibu. Bila shaka hata sauti ya dada mtu wanaifuta kwenye rekodi.

Siku ya wimbo wa mwisho akawahi studio. Akamkuta mdogo wake peke yake, amempa mgongo, shavu amelilaza kwenye spika inayonguruma.

"Unanifuta, siyo?"

Kijana akabaki palepale kwenye spika.

"Nakuuliza wewe! Nilikubeba mgongoni ili leo unipe mgongo?"

Akalipiga debe teke, likabingirika sakafuni kwa kishindo. Kijana hakutikisika. Hasira zikamwishia palepale. Akamgusa bega.

Kijana akaruka. "Dada! Umeingia saa ngapi?"

Dada Mkubwa akamwonyesha debe lililobingirika.

"Sikio la kushoto limezimika," kijana akasema taratibu. "La kulia linanisaidia nikikuona mdomo. Daktari anasema nalo linaondoka."

"Na wenzako wote wanajua."

"Niliwakataza wasikwambie. Ungefunga cherehani, uanze kunizungusha hospitali zote. Nilitaka tumalize nyimbo kwanza."

"Mpiga debe kajua kabla yangu! Mtu asiyeweza hata kufunga zipu yake!"

Kijana alicheka, naye akacheka huku machozi yakimtoka. Wenzao walipofika, wakarekodi. Dada Mkubwa alikanyaga cherehani akiimba uso kwa uso na mdogo wake, naye kijana kaweka kiganja juu ya meza kufuata mapigo.

Albamu ikatoka, kikundi kikatawanyika. Habari ya masikio Dada Mkubwa aliiamini. Ile ya kwamba wote walifunga midomo kwa kuwa tu walikatazwa, hiyo haikumwingia. Mpiga debe alipoleta suruali ya kupunguzwa, alimkalisha kwenye benchi mpaka wateja wote, hata waliokuja baada yake, wakaisha.